Moshi Hauna Fungu

Bajeti za serikali zetu hupangwa kwa mafungu ya wizara na taasisi. Barabara zina fungu lake, umeme una fungu lake, hospitali vivyo hivyo. Moshi hauna wizara, kwa hiyo hauna fungu. Ndiyo maana mtu akiuliza Tanzania au Kenya hutumia kiasi gani kusafisha hewa ya miji yake, ni vigumu kumwonyesha mstari mmoja ukurasani. Fedha zipo, ila zimetawanyika: nyingine ni ruzuku ya mitungi ya gesi, nyingine mkopo wa barabara za mabasi, nyingine mishahara ya wakaguzi wa mazingira, na nyingine ni kodi ambayo Hazina imeamua kutoitoza. Hiyo ya mwisho haionekani hata kama matumizi, ingawa shilingi ambayo serikali imeiacha mfukoni mwa mpishi nayo ni shilingi iliyotoka.

Sababu za kutumia fedha hizo hazihitaji mabishano marefu. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba madhara ya hewa chafu kwa afya yaliigharimu dunia dola trilioni 8.1 mwaka 2019, sawa na asilimia 6.1 ya pato la dunia nzima. Shirika la Afya Duniani nalo lilikaza kipimo chake mwaka 2021: chembechembe laini ziitwazo PM2.5, zile zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuingia kwenye damu, zisizidi wastani wa mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa mwaka. Kwa kipimo hicho, watu 99 kati ya 100 duniani wanavuta hewa isiyofaa. Waziri yeyote wa fedha anaweza kusomewa takwimu hizi asubuhi na akazikubali kabla ya chai ya saa nne. Kazi huanza anapouliza: haya, ninunue nini?

Hapo ndipo serikali hupotea, tajiri kwa maskini. Kununua kitu kinachoonekana si kazi ngumu. Kuna zabuni, kuna utepe wa kukata, kuna picha ya gazeti. Kukilipia kitu hicho kiendelee kufanya kazi mwaka wa pili, wa tano na wa kumi, wakati hakuna kamera, ndiko kunakoshinda wengi. Nimejaribu kuipitisha miji michache kwenye swali hilo moja, na naona linaeleza mengi kuliko ukubwa wa bajeti.

London ndiyo mfano wa kale. Kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952 ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe uliufunika mji huo. Makadirio ya mwanzo yalisema wamekufa watu wapatao 4,000. Watafiti wa baadaye wamefikisha hadi 12,000. Kamati iliyoongozwa na Sir Hugh Beaver ilitoa ripoti mwaka 1954 ikakadiria kwamba moshi unaitia nchi hasara ya pauni milioni 250 kwa mwaka, na mwaka 1956 Bunge likapitisha Sheria ya Hewa Safi. Kinachokumbukwa zaidi ni marufuku: maeneo ambamo ilikatazwa kuchoma makaa yanayotoa moshi. Kinachosahaulika ni malipo. Mwenye nyumba aliyelazimika kubadili meko yake alirudishiwa asilimia 70 ya gharama, 40 kutoka Hazina na 30 kutoka halmashauri yake. Serikali haikumwambia tu aache moto wake; ilimlipa sehemu kubwa ya gharama ya kuuacha.

Hata hivyo Desemba 1962, miaka sita baada ya sheria, ukungu ulirudi London na kuua mamia. Mabadiliko yalikwenda polepole, na yalisuasua zaidi kwenye wilaya za machimbo ya makaa, ambako wachimbaji walipewa makaa kama sehemu ya ujira wao. Nani aache nishati ya bure akanunue nyingine dukani? Mkono wa pili, ule wa kukiendeleza kilichonunuliwa, ulitoka kwingine kabisa: gesi ya Bahari ya Kaskazini ilianza kufika nchini humo mwaka 1967, na nyumba kwa mamilioni zikaunganishwa nayo. Ruzuku ilinunua meko mapya. Gesi ya uhakika na nafuu ndiyo iliyowafanya watu wasiyatamani tena ya zamani.

Beijing ilirudia somo hilo kwa kasi na kwa fedha ambazo London haikuwahi kuziota. Mwaka 2013 wastani wa PM2.5 katika mji huo ulikuwa mikrogramu 89.5, karibu mara 18 ya kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Septemba mwaka huo serikali kuu ilitoa mpango uliotaka mji ushuke hadi takriban 60 ifikapo 2017. Meya wa wakati huo, Wang Anshun, alitangaza matumizi ya yuan bilioni 760, akaongeza nusu utani kwamba asipofikia lengo ameambiwa apeleke kichwa chake. Lengo lilifikiwa: mwaka 2017 wastani ulikuwa 58, na mwaka 2021 ukashuka hadi 33, mara ya kwanza kwa mji huo kutimiza kiwango cha kitaifa cha 35. Bado ni zaidi ya mara sita ya kipimo cha Shirika la Afya Duniani, lakini ni miji michache ya ukubwa ule iliyowahi kushuka kiasi hicho kwa miaka minane.

Fedha zilikwenda wapi? Nyingi zilikwenda kuzima moto. Mitambo ya kuzalishia umeme kwa makaa ya mawe ilifungwa mmoja mmoja hadi wa mwisho, wa Huaneng, ulipozimwa Machi 2017. Boila za viwandani na za kupasha joto majengo zilibadilishwa. Magari ya zamani yalinunuliwa na kuondolewa barabarani. Kisha ikaja zamu ya majiko ya vijijini kuzunguka mji, kwa sababu upepo hautambui mpaka wa mkoa. Mwaka 2017 serikali kuu ilichagua miji 12 ya kaskazini ya kuanzia, ikaahidi kila mmoja kati ya yuan milioni 500 na bilioni 1 kwa mwaka, kwa miaka mitatu, ili kaya ziache makaa na kutumia gesi au umeme.

Majira ya baridi yalipoingia mwaka uleule, maofisa wa mkoa jirani wa Hebei walikuwa wameshang'oa majiko ya makaa. Gesi haikutosha, na kwingine mabomba hayakuwa yamefika. Katika wilaya ya Quyang wanafunzi wa shule za msingi walionekana wakisoma nje juani kwa sababu madarasani kulikuwa baridi kuliko uani. Tarehe 4 Desemba wizara ya mazingira ililazimika kutoa waraka wa dharura: ambako mradi haujakamilika, makaa yaruhusiwe. Sisemi mpango ulishindwa. Takwimu zinaonyesha ulifaulu. Ila ulifaulu pale tu serikali ilipokubali kulipia pia gesi yenyewe, msimu baada ya msimu, na miaka ya karibuni ruzuku hiyo ilipopunguzwa vijijini Hebei malalamiko ya bili yakarudi. Wanaosifu Beijing kwa haraka husahau pia kwamba fedha zilitembea pamoja na wakaguzi waliowavua vyeo maofisa wa wilaya. Sehemu hiyo sidhani tungeitaka iletwe huku kama ilivyo.

Delhi ni kisa cha namna nyingine, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki ndicho cha kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu kinafanana na chetu. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya India iliamuru mabasi yote ya mji huo yatumie gesi asilia iliyoshindiliwa badala ya dizeli. Serikali ilivuta miguu, foleni kwenye vituo vya gesi zikawa za masaa, lakini kufikia mwisho wa 2002 mabasi yalikuwa yamebadilishwa. Faida hiyo ilimezwa na wingi wa magari yaliyofuata. Januari 2019 India ikazindua Mpango wa Taifa wa Hewa Safi, ambao sasa unagusa miji 131, safari hii ukiwa na fedha zake rasmi. Yaani lile fungu ambalo sisi hatuna, wao walilipata.

Kituo cha Sayansi na Mazingira cha Delhi kilipochambua matumizi hayo mwaka 2024 kilikuta asilimia 64 ya fedha zimekwenda kwenye vumbi la barabarani: kuweka lami kando ya njia, kuziba mashimo, magari ya kufagia, magari ya kunyunyiza maji. Viwanda vilipata asilimia 0.61. Sababu haifichiki. Miji ilipimwa kwa PM10, chembechembe kubwa ambazo vumbi ni sehemu yake nzito, wakati zile laini zinazoua zaidi, zitokazo kwenye injini, mabomba ya viwanda na mioto ya takataka, hazikuhesabiwa katika kugawa fedha. Tena gari la kufagia hununuliwa kwa zabuni moja na halimuudhi mtu. Kufunga tanuri la mwenye kiwanda humuudhi mwenye kiwanda, naye ana simu ya mbunge. Mwaka 2021 Delhi ilisimamisha pia mnara wa kusafisha hewa pale Connaught Place kwa gharama ya takriban rupia milioni 200, wenye mafeni makubwa ya kuvuta na kuchuja hewa ya mji wenye watu wapatao milioni 30 pamoja na vitongoji vyake. Huko ni kuteka bahari kwa kata.

Turudi kwetu, tuanzie jikoni. Wapo wanaoona moshi wa mkaa ni jambo la ndani ya nyumba, si la mji. Aliyewahi kupita Manzese au Kibera saa kumi na mbili jioni hahitaji kuelezwa. Kati ya mwaka 2001 na 2007 kaya za Dar es Salaam zilizotumia mkaa zilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71, na gesi ikaporomoka. Mji ulikua, mkaa ukakua nao, na serikali haikuwa na mpango wa bei ya kitu chochote mbadala.

Ilipogusa bei, iligusa kwa sababu nyingine. Tatizo la wakati huo lilikuwa uchakachuaji: wafanyabiashara wa mafuta walichanganya mafuta ya taa, yaliyotozwa kodi ndogo, na dizeli. Katika bajeti ya 2011/12 Tanzania ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita. Kenya ilifuata njia hiyohiyo Septemba 2018 kwa tozo ya shilingi 18 za Kenya kwa lita. Kwa dizeli hatua ile ilikuwa na mantiki, maana injini ziliharibika na mapato yalivuja. Ila mama lishe aliyekuwa akichemshia chai kwa jiko la mafuta ya taa hakuwa mchakachuaji, na kilichokuwa jirani zaidi naye, kisicho na pampu wala stakabadhi ya kutozea ushuru, kilikuwa gunia la mkaa. Mafuta ya taa si nishati safi, lakini kuyapandisha bei bila kushusha bei ya gesi siku hiyohiyo ni kumsukuma mtu upande usio sahihi.

Gesi yenyewe imeyumbishwa nchini Kenya kwa namna inayostahili kuandikwa kwenye vitabu vya mafunzo ya watunga sera. Mwaka 2016 iliondolewa Kodi ya Ongezeko la Thamani. Julai 2021 ikatozwa asilimia 16. Julai 2022 ikashushwa hadi 8. Julai 2023 ikaachiwa tena. Katika miaka saba mtungi uleule ulikuwa huru, ukatozwa, ukapunguziwa, ukawa huru tena. Kwa Hazina hayo ni marekebisho ya mapato. Kwa kaya ya Kayole iliyojikaza ikanunua mtungi na kichomeo mwaka 2020, ni kuambiwa mwaka mmoja baadaye kwamba hesabu imebadilika. Mradi wa serikali wa kugawa mitungi ya bei nafuu nao ulikwama baada ya mitungi mingi kukutwa na kasoro. Nikiulizwa kipi kilikuwa na maana zaidi kwa hewa ya Nairobi, mradi wa mitungi au kodi kuondolewa, nitataja kodi, ambayo haikuhitaji zabuni hata moja.

Tanzania imeichukua ajenda hii juu kabisa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Siku chache baada ya uzinduzi Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris uliokusanya ahadi za dola bilioni 2.2 kwa ajili ya kupikia Afrika nzima. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zimeagizwa ziache kuni na mkaa. Wakala wa Nishati Vijijini unauza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku, na wanasiasa wameigawa bure kwa mamia majukwaani.

Hapo ndipo mkono wa pili unapotafutwa. Mtungi wa ruzuku hudumu mpaka gesi iishe. Baada ya hapo kuna kujaza, na kujaza ni kutoa fedha nyingi kwa mkupuo mmoja. Mkaa huuzwa kwa kopo. Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku, hata kama akijumlisha kwa mwezi anatoa zaidi ya bei ya gesi. Mita za gesi zinazolipiwa kidogo kidogo kwa simu zimeshajaribiwa Dar es Salaam na Nairobi na kampuni binafsi, na zinajibu tatizo hilo moja kwa moja, lakini mita ni ghali na haipendezi jukwaani kama mtungi mpya. Ningekuwa napanga ruzuku, nusu ya fedha za mitungi ningezihamishia huko, na nyingine kwenye bei ya kujaza kwa miaka isiyopungua mitano, kwa ahadi ya maandishi kwamba kodi haitaguswa.

Barabarani hali ni hiyohiyo, ila kwa saruji. Njia ya kwanza ya mabasi ya mwendokasi, kilomita 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi yake, ilianza kazi Mei 2016, na mwaka 2018 Dar es Salaam ikapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu, mji wa kwanza Afrika kuipata. Mabasi yalikuwa ya dizeli, lakini basi moja lililojaa huondoa daladala kadhaa. Halafu yakapungua: yaliharibika, karakana ya Jangwani ikafurika maji, vituo vikafurika watu. Njia ya pili ya kwenda Mbagala ilimalizika na kukaa muda mrefu ikisubiri mabasi, lami safi kabisa ambayo haikupunguza moshi wa mtu yeyote. Nairobi nako mwaka 2019 ilichorwa mistari myekundu Thika Road kuonyesha mabasi ya haraka yatapita wapi. Rangi imefifia. Barabara ya juu ya tozo ya kilomita 27, yaani Nairobi Expressway, yenyewe ilijengwa kwa mtaji wa kampuni ya China na ikafunguliwa mwaka 2022. Kwa magari binafsi mwekezaji alipatikana. Kwa wapanda matatu, mwekezaji pekee ni serikali.

Hatua iliyogharimu kidogo kuliko zote haijulikani sana. Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilishusha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, kutoka mamia ya awali. Salfa nyingi huua vichujio vya moshi vya magari ya kisasa, kwa hiyo bila hatua hiyo kuleta magari mapya kusingekuwa na faida. Serikali zilibadilisha kiwango tu. Mafuta yaliagizwa kwa pamoja, tofauti ya bei ikapotea ndani ya bei ya pampu. Ila faida ya mafuta yale inavuja gereji. Masega, yaani kile kifaa cha ndani ya bomba la moshi chenye madini ya thamani, hung'olewa na kuuzwa, na gari linaendelea kutembea kama kawaida, likitema kila kitu. Mkaguzi mwenye kipima moshi kando ya barabara angetosha kuifanya biashara hiyo isiwe na faida. Mkaguzi ni mshahara, na mshahara ni matumizi ya kila mwezi.

Kigali imechagua kukata mzizi mwingine: kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa mjini humo lazima ziwe za umeme, baada ya nchi kuondoa kodi kwenye vyombo vya umeme mwaka 2021. Waendeshaji wana wasiwasi wa mikopo na vituo vya kubadilishia betri, na wasiwasi wao ni wa haki. London ilijifunza uzito wa wasiwasi kama huo kwa gharama ya kura. Meya Sadiq Khan alipopanua ukanda wa magari safi hadi mitaa ya pembezoni Agosti 2023, ada ikiwa pauni 12.50 kwa siku, chama chake kilikuwa kimeshakosa kiti cha Uxbridge kwa sababu hiyo, na mfuko wa kuwafidia wenye magari ya zamani ukaongezwa hadi pauni milioni 160, ukafunguliwa kwa kila mkazi. Mwenye daladala moja ya Coaster Gongo la Mboto, Dar es Salaam, ana hoja ileile, na hakuna mfuko unaomsubiri.

Kilichobaki ni kupima. Ubalozi wa Marekani mjini Beijing ulianza kutangaza vipimo vyake vya PM2.5 mwaka 2008, na aibu ile ilisaidia kuifanya China ijenge mtandao wake. Afrika nako balozi hizohizo, ikiwemo ya Kampala, zilipima, hadi Machi 2025 Marekani ilipoacha kutangaza takwimu hizo. Kampala haikuachwa gizani kabisa kwa sababu tangu 2015 Chuo Kikuu cha Makerere kina mradi wa AirQo, uliounda vipimo vya bei ndogo vinavyofungwa hata kwenye bodaboda, na mamlaka ya mji huvitumia. Sehemu kubwa ya fedha zake imetoka kwa wafadhili. Dar es Salaam ilipofungua njia ya Kimara haikuwa na mtandao wa kudumu wa kupima PM2.5, kwa hiyo leo inaweza kuhesabu abiria na mapato ya nauli, lakini haiwezi kusema mkopo wa njia hiyo ulinunua mikrogramu ngapi kando ya Barabara ya Morogoro. Kwenye njia za mwendokasi ambazo bado hazijafunguliwa vipimo vinaweza kufungwa kabla basi la kwanza halijaanza kazi, na bei yake haifiki ya kituo kimoja cha abiria.